Mkono wa Mzee Yiamat

Namelok hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, goti linatikisika. Akisimama, ni kitandani na dirishani, dirishani na kitandani. Siku ile alikuwa na sababu. Mzee Yiamat alikuwa amefunga mdomo tangu juzi, na Sista Agnela, msimamizi wa makao yale ya wazee pale Kikwe alikofanya kazi Namelok, alishasema:

"Mchana huu asipokula, tunampeleka hospitali awekwe mpira wa puani. Sipendi, Namelok, lakini nitamwangalia tu akiisha?"

Mzee alikuwa mfugaji kutoka magharibi ya Mlima Meru. Kiharusi kilimlaza mkono wa kushoto, wa kulia kikauachia tetemeko. Akila mwenyewe, nusu iliishia kifuani. Ndipo Namelok alipomfunga kitambaa shingoni, akaanza kumlisha kama amlishavyo mwanawe Derick kule Sokon One: kijiko kinaingia, kinakwangua kidevu, kinaingia tena.

"Haya, aam. Kidogo tu."

Mdomo haukufunguka. Kwenye kitanda cha pili, mzee Thomasi, Mchaga asiyekosa la kusema, akakohoa.

"Binti, huyo ana wajukuu wenye ndevu. Sasa bado kumbeba mgongoni."

Namelok akacheka, kisha akakitazama kile kitambaa. Kwao Waarusha, binti hampiti mzee wa rika la baba yake bila kuinamisha kichwa ili aguswe. Siku za mwanzo alimwinamia Yiamat kila asubuhi. Halafu kikaja kitambaa, ikaja haraka, na ule mkono unaotetemeka akaona haya kuungojea. Tangu lini hakumwinamia? Hakukumbuka.

Akamfungua kitambaa. Akakimbilia jikoni, akarudi na loshoro, mahindi na maziwa mgando, aliyoiponda ikalainika isije ikampalia. Akaweka bakuli mezani, akapiga magoti, akainama.

"Shikamoo, baba."

Miguu ilitaka kuondoka. Maziwa ya Derick yalimjaa kifuani, yakamuuma. Akabaki vilevile, hadi mkono wa mzee ukamwangukia, kwanza sikioni, kisha utosini, mzito, ukitetemeka.

"Marahaba. Ulipotelea wapi?"

"Nilikuwepo, baba."

"Hukuwepo."

Namelok akaketi ubavuni kwake, si mbele yake, wote wawili wakitazama ng'ombe waliopita nje ya dirisha. Akampa kijiko mkononi, yeye akashika chini ya kiwiko tu. Kijiko cha kwanza kilimwagika. Namelok akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Acha. Nikimaliza nitajifuta."

Cha pili kikafika. Mzee akatafuna taratibu, akameza. Sista Agnela akatokea mlangoni, macho kwenye bakuli.

"Ameonja tu, au?"

"Bado anakula, Sista."

Sista hakuondoka. Bakuli lilikuwa bado limejaa, na goti la Namelok likaanza tena, likakitikisa kiwiko alichokishika, hadi kijiko kikacheza hewani.

"Tulia, mwanangu," akasema mzee Yiamat. "Sasa ni wewe unayenimwagia."