Alama Chini ya Kidole Gumba

Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mimi, nyumbani kwangu Al Khoudh, mchana, wakati watu wamelala baada ya chakula. Ningetaka kutunga, ningekutungia usiku wenye upepo na mbwa. Hapakuwa na upepo. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na mimi nina msasa mkononi.

Riziki yangu iko ofisini, Al Khuwair. Lakini wengi wananijua kwa kazi ya mikono: natengeneza majambia na silaha za kale za kuwekwa mapambo. Niamini, kazi hii haifanywi kwa macho. Macho hudanganywa na mng'aro. Unafumba macho, unapitisha kidole gumba polepole, na chuma chenyewe kinakwambia kimeumia wapi.

Jirani yangu, Ami Seif, aliniletea bastola kuukuu, katika zile zilizotolewa jeshini zikauzwa. Kibali anacho, na haipigi risasi tena. Alitaka kuiweka ndani ya kabati la kioo kabla ya harusi ya mwanawe.

Nikaikagua kwa utaratibu wangu. Kutu kidogo chini ya mpini. Mkwaruzo ubavuni. Ukingo wa juu una kijino cha chuma kinachokwaruza ngozi. Yote madogo, nikayamaliza. Kisha upande wa kushoto, pale kidole gumba kinapotulia mtu akiishika, kidole changu kikaingia ndani ya kijifereji. Nikawasha taa, sikuona kitu. Nikafumba macho, kipo. Kilikatwa makusudi, kwa tupa mbovu, na mtu mwenye subira.

Sisi wa majambia tuna desturi: alama ya mtu haiondolewi mpaka mwenyewe aulizwe. Nikampigia simu Ami Seif.

"Inaonekana?" akauliza.

"Haionekani, Ami. Inasikika kwa kidole."

"Basi iondoe. Mwenyewe si mimi?"

Hapo ndipo tulipokosea. Nilimuuliza aliyeinunua, sikumuuliza aliyeikata. Nikaisugua kwa msasa laini na mafuta mpaka kidole kikapita bila ya kukwama.

Sijafuta hata mikono, nikasikia hodi.

Mlangoni pa majlis, chumba chetu cha wageni, alisimama mzee, kanzu yake ya dishdasha safi, kilemba kimekaa sawa. Nje jua kali, lakini yeye hana hata tone la jasho. Akasalimia kwa Kiswahili cha kwetu, cha Unguja. Nikamkaribisha zuliani nikamiminia kahawa, maana mgeni haulizwi haja yake kabla ya kahawa. Unaijua desturi ya hapa: mgeni akitosheka hutikisa kikombe. Huyu hakutikisa. Alikirudisha kitupu, mkono ameunyoosha kando kidogo ya nilipo, kama asiyeona. Nikamimina. Akakirudisha. Nikamimina. Ningefanyaje? Kumnyima asiyetikisa ni sawa na kumfukuza.

Nyuma ya pazia mke wangu Zuwena akacheka. "Baba Khalfan, mgeni wako ana kiu ya ngamia. Nichemshe nyingine?"

"Chemsha, bibi," mzee akamjibu mwenyewe. "Nimetoka mbali."

"Ahlan wa sahlan. Leo tutaona nani atachoka, wewe au dalla langu la kahawa."

Mzee hakucheka. Akanigeukia. "Nimeifuata bastola yangu."

"Iliyopo hapa ni ya Ami Seif."

"Zote tulizopewa jeshini zilikuwa sawasawa," akasema, kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni. "Giza likiingia kila mtu anapapasa, anaokota ya mwenzake. Nikaikata yangu pale panapokaa kidole. Macho yaliponitoka, nikabaki na alama hiyo tu. Nipe."

Nikampa. Kidole gumba chake kikaenda pale pale bila ya kutafuta. Kikapita. Kikarudi. Kikapita tena. Uso wake haukubadilika.

"Hamna," akasema. "Sasa nitaijuaje yangu?"

Nikamwambia Ami Seif, mwenyewe, ameniruhusu.

"Mimi hukuniuliza. Lete mkono."

Nikampa mkono. Kwa nini? Mpaka leo sijui. Akakishika kidole gumba changu, akakikandamiza juu ya chuma. Sikusikia baridi wala maumivu. Sikusikia kitu. Kisha akakitikisa kikombe.

Nilikipokea, nikageuka kukiweka kwenye sinia. Nilipogeuka tena, hapakuwa na mtu. Bastola ilikuwa zuliani, na zulia lote pale alipokaa limelowa kahawa, yote niliyommiminia. Kikombe kikavu kabisa.

Zuwena akaingia na dalla jipya. "Yuko wapi?" Hakusema nimeota, maana sauti aliisikia na alimjibu. Aliiokota bastola aifute, akasita.

"Si ulisema umeiondoa? Hii hapa, chini ya kidole."

Nikapitisha changu. Sikukisikia kijifereji. Sikukisikia hata chuma.

Madaktari walinichoma sindano kidoleni nikawa naitazama tu. Mishipa wameiona mizima. Ami Seif alifurahi, bastola inang'aa, akaifungia kabatini. Zuwena anaapa alama ipo. Mimi macho hayaioni, na kidole nilichokuwa nikithibitishia mambo hakinambii tena kitu. Kazi ya mikono nimeiacha, tupa zangu zinashika kutu. Watu wananiuliza kama naogopa. Siogopi. Sihuzuniki sana pia. Mjukuu wangu alipozaliwa nilimgusa shavu kwa kidole kile, nikasubiri, mpaka Zuwena akanambia taratibu, "Badili mkono."

Basi wewe unayenunua chuma kilichopita mikononi mwa watu, usikilainishe kabla ya kukipapasa. Ukikuta mahali mtu alipojiwekea alama, paache. Na akija mgeni mchana wa jua, hana jasho, hatikisi kikombe, mpe kahawa yote, mpe chake alichokifuata. Mkono usimpe.