Mwanamke wa Pangoni na Mtafsiri wa Ngamiani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na daftari jipya na kalamu mbili, nikidhani mtafsiri wa filamu huandika. Mwenye Ukumbi alilitazama lile daftari, akalikunja, akalisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Lilikaa pale miaka yote. Kisha akanipa kipaza sauti.

"Sikiliza, mwanangu," akaniambia. Alikuwa Mhindi wa asili, mzaliwa wa Ngamiani tangu babu yake, mwenye duka la vyombo mbele na kibanda umiza, ukumbi wa filamu za bei rahisi, nyuma. "Neno likishatoka humu si lako tena, ni la filamu. Ukikosea, songa mbele. Siku utakayowaambia watu kwamba uliwadanganya, hapana filamu tena wala mtafsiri. Utabaki ukuta mtupu."

Nyinyi mnaotazama filamu kwenye simu, maandishi yakipita chini, hamuijui kazi yetu. Mimi nilikaa kando ya skrini, rimoti mkono huu, kipaza sauti mkono huu. Mzungu akifungua kinywa nashusha sauti yake, naweka yangu. Kabla ya watu kuingia nilitakiwa kuitazama filamu yote peke yangu, ndiyo tukiita kuonja. Na palipokuwa na kimya kirefu ilibidi kujaza, yaani kutia maneno yako mwenyewe, kwa sababu mtu wa Tanga ukimnyamazia dakika mbili huanza kuzungumza na jirani yake, na huyo humpati tena. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, nalisema leo kwa kuwa nimestaafu. Kwa kujaza, lakini, sikuwa na mpinzani toka Pangani mpaka Horohoro.

Filamu iliyonipa jina ilikuwa ile ya joka, sehemu tano, kila sehemu saa tatu. Joka linateketeza ufalme, mtoto wa mfalme anapotea, anakua bila kujijua, anarudi kudai kiti chake. Diski zilitufikia moja moja, na baina ya moja na nyingine tulingoja miezi. Mwenye Ukumbi alinunua jenereta na shuka jeupe, akawa ananituma kuionyesha nje ya mji.

Kigombe, kwa wavuvi, walipenda tukio la dhoruba katika sehemu ya pili. Nililitafsiri kwa uchungu, sauti ikinitetemeka, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nahodha wa filamu alikuwa amesimama juu ya sanduku akiwahutubia mabaharia huku chombo kinajaa. "Wee mtafsiri!" akapiga kelele mvuvi mmoja. "Mwambie ashuke akombe maji! Hotuba haikombi maji!" Walinifanya nilirudishe tukio lile mara tatu, na kila mara walimtukana nahodha upya.

Maramba ni watu wa shamba, wakapenda vita. Ila jeshi lilipojaa bondeni, mzee mmoja alinyoosha mkono kwa adabu. "Samahani, mtafsiri. Watu wote hawa wanakula nini? Toka sehemu ya kwanza sijaona jembe." Nikatazama skrini, nikaona ni kweli. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba nyuma ya kilima kile kuna mahindi, na mwaka huo yamekubali. Watu wote wakapiga makofi.

Lakini makao yangu yalikuwa Ngamiani, na watazamaji wangu wakubwa walikuwa kina mama wa Alhamisi. Siku hiyo baada ya alasiri wanaume hawakuingia. Walikuja na mabuibui yao, visheti na thermosi za chai, na mbele kabisa alikaa Bi Mwanahawa juu ya mto aliokuja nao kwapani. Alikuwa mkunga mstaafu, nusu ya ukumbi ilizaliwa mikononi mwake. Akisema kaa, watu walikaa.

Sehemu ya kwanza niliwaonyesha bila kuonja. Siku ile nilialikwa pilau, basi. Nikafika kwenye tukio la pangoni: mwanamke amejifunga joho jeusi, ana vichanga viwili, wa kwake wa kike na yule wa mfalme, na joka linazunguka nje. Anasema maneno mawili kwa Kiingereza cha puani, sikuyaelewa, kisha kimya. Kimya kile! Nikasikia mtu anafungua thermosi. Nikasikia mtu anamuuliza mwenzake bei ya vitenge. Nikajaza.

"Kina mama," nikasema, "mwanamke huyu hana maji, hana chakula, ila ana maziwa. Anawanyonyesha wote wawili ziwa moja, na wa mfalme ndiye anayeanza."

Thermosi ikafungwa. Walilia kilio cha msiba. Tangu siku hiyo hawakuniruhusu kuanza sehemu nyingine kabla sijawawekea pangoni kwanza. Nami nilivimba kichwa, siwafichi. Nilijiona ndiye niliyeitengeneza ile filamu.

Sehemu ya nne ilifika Alhamisi mchana, watu wamekwisha kaa, kuonja hakukuwezekana. Mambo yakaenda vizuri mpaka kijana wa mfalme akamshika mkono yule binti aliyepotezana naye tangu utotoni, yule yule wa pangoni. Tarumbeta zikalia. Binti akatoka na shela. Nikahisi jasho mgongoni.

"Mtafsiri," akasema mwanamke wa nyuma, "hao wanafanya nini?"

"Wanaoana," nikasema. Ningesema nini? Na pete ilikuwa inaonekana.

"Astaghafirullah! Na ziwa walilonyonya?"

"Ndugu hao! Haramu!"

"Mtafsiri, simamisha! Simamisha kabla hawajaingia ndani!"

Nikabonyeza rimoti. Bwana na bibi harusi wakaganda, midomo inakaribiana. Wanawake wamesimama, wengine wanakusanya viatu. Mwenye Ukumbi alichungulia mlangoni, akanitupia jicho moja tu, na nilijua maana yake: kina mama wakitoka leo hawarudi, na wewe huna kazi. Kukiri kwamba nilidanganya, utabaki ukuta mtupu. Kunyamaza, ndoa ya haramu. Nilishika kipaza sauti, nacho kikatoa sauti ya koo langu likimeza mate.

"Kaeni," akasema Bi Mwanahawa.

Wakakaa.

"Udugu wa ziwa hauji kwa kunyonya mara moja wala mbili. Chuoni kwa maalimu hamkusoma? Mpaka zitimie tano. Mtafsiri, weka pangoni. Tuhesabu."

Nikaiweka sehemu ya kwanza. Hata visheti havikutafunwa. Mwanamke wa pangoni akamfunika mtoto wa mfalme kwa joho. "Moja," akasema Bi Mwanahawa, akakunja kidole. Akamfunua, akamfunika tena. "Mbili." Tatu. Nne. Mimi nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa na mama yangu. Akamfunika mara ya tano, na papo hapo joka likanguruma, mtoto akashtuka, akalia.

"Hiyo je?" akauliza yule wa nyuma.

"Mtoto anayelia ananyonya? Umezaa watoto sita, unaniuliza mimi?" Bi Mwanahawa akaonyesha vidole vyake vinne. "Nne. Ndoa ni halali. Mtafsiri, rudisha harusini."

Vigelegele vilivyopigwa pale havikupata kupigwa kwa harusi ya kweli mtaani kwetu. Mwanamke mmoja alirusha pesa kwenye skrini, zikadondoka nyuma ya meza. Mwenye Ukumbi akarudi dukani kuuza sufuria.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, Mwenye Ukumbi akafariki, Mungu amrehemu, wanawe wakaendesha. Kisha kila mtu akawa na simu yake, na mwaka huu ukumbi umefungwa. Kazi yangu naijutia kwa jambo moja tu. Uongo ule wa pangoni ulinikaa kifuani, hasa nilipomwona Bi Mwanahawa akienda msikitini na vile vidole vyake vinne.

Siku ya kuniaga, kina mama wa Alhamisi waliobaki walikuja ukumbini. Bi Mwanahawa aliletwa na wajukuu, mto wake kwapani. Nikasimama, nikavunja amri ya siku ya kwanza. Nikawaambia kwamba yule mwanamke hakuwahi kunyonyesha, maneno yale niliyatunga mimi, wanisamehe.

Hakuna aliyeshtuka. Wengine walikuwa wanamimina chai.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanahawa, "mimi ni mkunga. Yule mwanamke chini ya joho amevaa chuma cha vitani, toka shingoni mpaka kiunoni. Joho lilipopepea tulikiona wote. Nani ananyonyesha kupitia bati?"

"Sasa mlikuwa mnahesabu nini?"

"Tulikuwa tunakusitiri. Ulikuwa unatoka jasho kama mtu mwenye homa." Akajiweka sawa juu ya mto. "Haya, washa pangoni. Na mtoto wa mfalme aanze yeye, kama siku zote."