Ramani Haihami

Sipendi mikutano. Hapa Garissa nimekaa katika mingi isiyosema lolote. Lakini kikao kimoja, cha kila wiki mbili, nilikitetea, na bado nakitetea kwa hasira.

Tulikuwa vijana watano tukitengeneza programu ya simu ya kuagiza boza, lori la tangi la maji, kwa familia za wafugaji. Kila baada ya wiki mbili tuliwapa watakaoitumia waijaribu wenyewe, watuonyeshe kasoro kabla hatujasonga mbele. Kiongozi wetu alituzidi umri. Tulimwita abti, mjomba, ingawa hakuwa ndugu wa yeyote.

Kikao cha pili nilimleta habaryar, mama yangu mdogo. Aliishi kwa kutegemea mbuzi wake tu, upande wa Dadaab. Aliitazama alama nyekundu kwenye ramani ya programu, iliyoonyesha kambi yao ya wafugaji.

"Na tukihama?"

"Habaryar, ramani haihami," abti akacheka.

"Basi mbuzi wangu watakunywa ramani."

Madereva wa maboza, waliokuja kuijaribu pia, wakaangua kicheko. Abti hakucheka tena. Kikao kilichofuata alikifuta: kazi ni nyingi, alisema. Hakikurudi. Kumruhusu mtu abadilishe mahali alipo kwenye programu ingekuwa kazi ya siku chache wakati ule. Nilipomwambia kwamba alikifuta kwa sababu ya swali la habaryar, alinijibu mbele ya wenzangu, "Chuo kimekuharibu. Mkubwa hakosolewi mbele ya wageni." Wenzangu wakakodolea macho skrini zao. Baadaye, kwenye chai, mmoja akaninong'oneza, "Wallahi, ulisema kweli." Kwenye chai! Heshima yetu ndivyo ilivyo: ukweli husubiri mkubwa aondoke.

Kiangazi kilipokaza, kambi ya habaryar ilihama kufuata malisho. Kila mtu katika ofisi ile, abti akiwemo, alijua tangu utotoni kwamba kambi huhama. Tulijua, tukajenga kana kwamba hatujui. Habaryar aliagiza maji. Boza likaenda kwenye alama nyekundu. Dereva akakuta majivu na ua wa miiba. Alipiga simu, mtandao hakuna. Programu haikumpa njia nyingine ya kufunga safari, akabonyeza "imefika", akarudi mjini. Boza lingine lilipowapata, mbuzi wengi walikuwa wamekufa.

Siku ya kuwaonyesha wafadhili kazi yetu, safari ile iling'aa kijani ukutani: imekamilika. Wakapiga makofi. Nikasimama nikaeleza kilichotokea, na kwamba swali la habaryar tulilisikia mapema tukalizima. Abti akatabasamu. "Tunamshukuru kijana wetu kwa maoni," akasema, akafungua ukurasa uliofuata.

Jioni nilimpigia habaryar, nikamwambia nimesema yote.

"Wakajibu nini?"

"Wamenishukuru."

Habaryar akauliza kama namjua mtu yeyote mjini anayetafuta wa kumfulia nguo.