Vitambaa Vyangu Vilivyoingia Chuo Kikuu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwangu hata Kisaju, hapo jirani tu, ni safari. Kwa hivyo binti wa kaka yangu, anayesomea uinjinia, alipoleta kazi yake ya mwisho sebuleni kwangu hapa Kitengela, nilifurahi. Dunia imenifuata yenyewe.

Alikuwa anatengeneza ukuta wa kuchuja mawimbi: ya Wi-Fi yapite, mengine yakwame. Ulikuwa wa tabaka tatu: miraba ya foili kwenye karatasi mbili, na wavu wa foili katikati. Akanichorea sakiti yake. Miraba iliyotengana ni kapasita, wavu ni koili, na nafasi kati ya tabaka ni kama kipande cha waya. Ukipiga hesabu ya sakiti, unajua wimbi gani litapita. Niliitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa. Fizikia tuliachana Form Two, na hakuna aliyelia.

Kesho yake walimu wangempima. Ukuta ukikataa kufuata hesabu, angerudia mwaka mzima. Basi alipoenda kuoga, nikaingiwa na roho ya kusaidia. Katikati ya tabaka kulikuwa na foamu nyeupe, ile ya kwenye kartoni za TV, na vifaranga wangu walikuwa wanateswa na baridi. Nikawatandikia. Tabaka nikazibandika pamoja, zikalala vizuri kama shuka.

Alipowasha mashine ya kupima aliyokuja nayo, hesabu ilikuwa imechora mlima kwenye laptopu. Mashine ikachora uwanda wa Kapiti.

"Aunty, foamu iko wapi?"

"Iko na kazi."

Tulipofika nyuma ya jikoni, vifaranga walikuwa wameidonoa ikawa unga. Akakaa kwenye ngazi, nami nikatamani anigombeze tu. Mwishowe akasema anahitaji kitu chepesi, kilichojaa hewa, chenye unene sawa kote. Kisha akageuka akatazama sofa yangu.

Tangu utotoni amekuwa akivicheka vitambaa vyangu vya krosheti, eti hata rimoti imevalishwa. Sasa alivivua vyote, akazibandua tabaka, akavipanga katikati yake, akapima unene, akarekebisha urefu wa ule waya kwenye hesabu.

"Usiguse kitu, Aunty. Hata usipumue."

Mlima ukainuka, ukakalia ule wa hesabu.

Alipita. Walimu wakauomba ukuta ubaki kwao. Wageni wakiniuliza mbona sofa iko uchi, nawajibu vitambaa viko chuo kikuu. Katika yote yaliyotoka kwa mikono hii, ni vyenyewe pekee vilivyofika huko.