Nimepandisha mlima wa Newala na baiskeli tupu, wakadhani napeleka taarifa ya msiba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za Jumapili.

Naandika nikiwa gesti huku Mkunya, juu ya mlima wa Newala, magoti hayakunjiki. Yote nitakayosema humu ni kweli. Uongo niliousema leo unanitosha.

Mimi shule niliishia darasa la sita. Nimezunguka sana nchi hii kwa kutaka tu kuona, sasa nimetulia Masasi, mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa mbili usiku. Kutwa niko kwenye kiti.

Mwaka jana kaka yangu Hamisi alianguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi, maneno yanamtoka nusu nusu. Nami nilipopimwa, presha iko juu. Nesi akaniambia, "Usipoutikisa huo mwili, utamfuata kaka yako."

Nikanunua baiskeli ya gia, mtumba. Wiki mbili niliamka alfajiri, nikazunguka mji.

Halafu msimu wa korosho ukafika, watu wana hela, kila mtu anataka bati. Baiskeli ikawa pa kuanikia taulo.

Leo asubuhi nimetoka nyumbani Mkomaindo, hapohapo Masasi, bila mpango. Nilitaka kuzunguka kidogo, nirudi nifue. Nilipofika njia ya Newala sikugeuza. Labda nilitaka kujua kama bado naweza.

Siwezi, wakuu. Nimepumzika kila kijiji, na mlima wenyewe karibu wote nimesukuma.

Jioni, karibu na juu, nikamwona mzee mbele yangu anasukuma baiskeli yenye madumu manne ya maji. (Wasiopajua: maji huku juu ni shida ya miaka yote.) Nikaona aibu kusukuma chuma kitupu nyuma yake. Nikapanda, nikakanyaga hadi macho yakaingia giza, nikamfikia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Msiba uko wapi?"

Nikasimama, sikumwelewa.

"Mtu hapandishi mlima huu mbio na baiskeli tupu, mwanangu. Ukimwona hivyo, anapeleka taarifa. Nani amefariki?"

Nilitakiwa kusema nafanya mazoezi. Mbele ya yale madumu nikashindwa. Nikasema, "Kaka yangu."

Akaegesha baiskeli yake palepale, akafungua dumu, akaninywesha. Akasema giza litanikuta njiani, nikalale kwa dada yake.

Dada mwenyewe ni Mama Hadija, ana gesti ya vyumba vinne. Mzee alinifikisha, akamweleza msiba wangu, naye akaniangalia juu hadi chini.

"Pole sana, baba. Na mwili wote huo wamekutuma kwa baiskeli? Bodaboda Masasi zimekwisha?"

Mzee akamwambia, "Mwache, ameelemewa."

Nikaomba kitabu cha wageni niandike jina. Akakataa. "Utaandika kesho. Mfiwa hasumbuliwi." Akaniletea ndoo nzima ya maji ya kuoga. Ni maji yaleyale ya mzee, nimeliona dumu likipungua.

Nikaoga nusu. Nusu nyingine nimeshindwa kuimwaga.

Baadaye akagonga mlango. "Kesho baada ya swala ya alfajiri tutamwombea dua marehemu. Anaitwa nani, tumtaje?"

Wakuu, Hamisi yuko hai. Mchana alinipigia, akatumia dakika nzima kumaliza neno "umekula". Kulitaja jina lake kwenye dua ya wafu sikuweza.

Nikamtajia jina langu.

Akalirudia mara mbili asilisahau, akaondoka.

Nilichojifunza ni kidogo na hakinifurahishi. Hofu ya kufa inaweza kukupandisha mlima siku moja. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri haikuamshi. Kesho saa moja natakiwa stoo, na hata ngazi mbili za hapa mlangoni nimezishuka kwa kushika ukuta. Najijua, baiskeli hii itarudi Masasi juu ya gari na taulo litarudi juu yake.

Ninyi mnaotoka kazini usiku na bado mnaendesha, mnaamshwa na nini? Semeni kweli, msinipe moyo wa bure.

Na wenye busara mnishauri kabla ya alfajiri. Dua ikiisha, mama huyu ataniletea kitabu cha wageni, na jina nitakaloandika mle ndilo watakalokuwa wametoka kuliombea.