Mkutano wa kimataifa wa hesabu ulivyoishia kwenye ukuta wa nyumba ya Mama Severini, Kibosho

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma humu uzi wa yule ndugu aliyeandaa semina, projekta ikagoma, akalalamika mpaka nikamwonea huruma. Mkuu, pole. Ila wewe ulikosa projekta. Sisi tulikosa chaki.

Ninachosimulia nilikiona mwenyewe. Pale nilipotafsiriwa nitasema nilitafsiriwa, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa, na hapo patakuwa pengi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, Moshi. Waliokuwepo wanakumbuka: sabuni ya kubahatisha, sukari ya kupanga foleni, petroli ndiyo usiseme. Nilikuwa kijana, mwandishi wa habari wa mkoa. Kwa asili ni Mpare wa Same, kwa hiyo watani zangu wa Kilimanjaro msianze.

Kulikuwa na jamaa mmoja wa Kibosho, Dokta Severini, aliyekuwa akifundisha hesabu Dar. Kijijini kwao cheo hicho kilimtesa. Kila akirudi likizo, wazee walimletea magoti yanayouma, naye akawa anaeleza kwamba udaktari wake ni wa hesabu. Bibi mmoja alimwuliza, "Sasa hizo hesabu zinaumwa nini?"

Dokta huyu akafanya jambo ambalo wengi walidhani ni wazimu. Akawashawishi wataalamu wa mathematical analysis kutoka nchi mbalimbali waje kukutana Moshi. Si Dar, si Arusha. Moshi.

Analysis ni nini? Nilimwuliza ili niandike gazetini. Akasema ni hesabu za vitu vinavyosogeleana bila kukoma. Nikaandika hivyo hivyo. Mhariri akaikata.

Mimi niliingizwa kwenye kamati kama katibu wa uenezi. Kazi yangu halisi ilikuwa kutafuta vitu. Nilizunguka shule nikiomba chaki, walimu wakinitazama kama nimeomba figo. Mwishowe tuliwaandikia wageni waje na chaki zao. Profesa Sarojini, mama mmoja wa makamo kutoka India, alishuka uwanja wa ndege wa KIA na sanduku ambalo nusu yake ilikuwa chaki na nusu sabuni. Kamati nzima ilimpenda kabla hajafungua mdomo.

Mgeni mkubwa kuliko wote alikuwa Profesa Zoltan, mzee wa Ulaya Mashariki, mrefu, goti moja bovu, nyusi kama brashi ya viatu. Huyu ndiye aliyekuwa akisomwa na wenzake wote.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo uzi wenyewe. Severini alikuwa na theorem yake, kazi ya miaka. Alidai kwamba aina fulani ya hesabu zisizo na mwisho, ambazo watu walidhani hazitulii, zinatulia ukiziwekea sharti dogo tu. Siku ya kwanza, kwenye chai, Zoltan alimwambia mbele ya watu, "Siamini. Lakini ningependa kuona."

Bila huyo mzee kukubali, hakuna jarida ambalo lingeigusa kazi ile. Na mzee alikuwa anaondoka Jumatatu asubuhi.

Mnadhani Severini alijipangia siku gani? Alipangiwa siku ya kwanza. Akasema hapana, wageni kwanza. Siku ya pili mgeni mmoja akapitiliza muda, Severini akamwachia nafasi yake. Ndiyo malezi ya kule mlimani: mwenye nyumba hajipakulii kabla ya wageni. Kwenye chakula ni adabu nzuri. Kwenye ratiba ya mkutano ni balaa. Akajikuta amebaki na Jumapili saa kumi jioni, ukumbini mjini, nafasi ya mwisho kabisa.

Na Jumapili mchana baba yake alikuwa ameshaalika wageni wote nyumbani Kibosho wale mbuzi.

Vijana wa humu hamjui: enzi zile, kubana mafuta, magari ya binafsi yalikuwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Tulilijua hilo. Tulipanga kupanda asubuhi baada ya misa, kula, na kuwa mjini kabla ya saa nane. Magari yalitoka kwa Harbans, Singasinga mwenye gereji, mzaliwa wa Moshi, ambaye Kichagga chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili changu.

Njiani, kwenye ile barabara ya mawe, aliniambia, "Katibu, hawa wazungu wako watoke kwa Mzee Teofili mapema. Gari likikamatwa, nitakuweka wewe rehani."

"Watatoka."

"Wewe ni Mpare. Hujui mbuzi wa Kibosho anavyogawiwa."

Kweli sikujua.

Mzee Teofili, baba yake Severini, alitupokea kihambani, kwenye migomba inayozunguka nyumba yake, akiwa na koti la kanisani na kisu mkononi. Tukaamkia shikamoo, wageni nao wakaamkia shikamoo, hata Zoltan, ambaye kwa sura alikuwa mkubwa kuliko mwenyeji. Mzee Teofili akacheka mpaka kisu kikatikisika. "Marahaba, meku, mzee mwenzangu! Karibu!"

Mtori ulinyweka, mbege, pombe yao ya ndizi, ikapita, tukafika kwenye nyama. Kwao kila kipande cha mbuzi kina mtu wake, na huwezi kukata cha pili kabla cha kwanza hakijapata mwenyewe. Mzee Teofili akasimama juu ya mbuzi, akauliza, Severini akitafsiri: "Kati yenu, mkubwa ni nani?"

Wakuu, ukiuliza swali hilo kwa wahandisi, watamwonyesha mwenye mvi nyingi, mtakula. Hawa walikuwa watu wa hesabu. Macho yakawang'aa.

"Mkubwa kwa kigezo gani?" akauliza mmoja.

Umri? Mzee Teofili akasema umri ni muhimu, lakini mtu asiye na mtoto hawezi kumtangulia mwenye wajukuu. Zoltan hakuwahi kuoa. Sarojini alikuwa na wajukuu. Lakini kulikuwa na mwingine aliyekuwa mtoto wa chifu kwao. Je, mtoto wa chifu mwenye watoto humtangulia bibi? Na kama A anamtangulia B kwa wajukuu, na B anamtangulia C kwa ukoo, C akamtangulia A kwa umri?

"Ruwa wangu," akasema Mzee Teofili, akimwita Mungu kwa Kichagga. "Hawa wanafikiria kweli."

Wazee majirani nao wakaingia. Kila mmoja akaleta kisa cha mbuzi aliyegawiwa vibaya ndugu wakanuniana. Wageni wakaandika. Wakachora mishale kwenye migongo ya ratiba. Nilimwona Zoltan akimbana jirani mmoja kwa maswali, jirani naye akijibu kama shahidi mahakamani. Severini peke yake ndiye aliyekuwa akitazama jua.

Hatimaye walikubaliana kwa kauli moja. Mkubwa ni Profesa Sarojini. Makofi. Mzee Teofili akakata kipande cha heshima, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Mama wa watu akatabasamu, akasema, "Asante sana. Mimi sili nyama."

Harbans akafunika uso kwa viganja.

"Aseme tena," akasema Mzee Teofili.

Ikaanza upya. Je, asiyekula anaweza kupokea? Anaweza. Je, anaweza kumpa mwingine? Anaweza, lakini atampa mwanawe. Hana mwana hapa. Basi atakayepokea ndiye atakuwa mwanawe. Sarojini akatazama huku na huku, akamkabidhi Zoltan, ambaye kwa umri angeweza kuwa kaka yake mkubwa sana. Kihamba kizima kikalipuka kwa kicheko. Zoltan akainama, akapokea kwa mikono miwili, akala.

Harbans alikuja akaninong'oneza, "Katibu, saa nane imepita. Mimi sishuki."

Nilimtazama Severini. Alikuwa amesikia. Sitaisahau sura ile. Miguu ingechukua saa nyingi, na goti la mzee Zoltan lisingefika hata kanisani. Ukumbi uko mjini, ubao uko mjini, chaki za Sarojini ziko mjini, na kesho alfajiri mzee anashuka moja kwa moja kwenye ndege.

Shule ya jirani ilikuwa na ubao, ila imefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa ameshuka mjini. Severini akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

Sarojini ndiye aliyeuliza, "Unahitaji nini hasa? Sehemu nyeupe au sehemu nyeusi?"

Sote tukageuka. Nyumba ya Mzee Teofili ilikuwa imetoka kupakwa chokaa, inameta. Na jikoni mkaa ulikuwepo.

Mama Severini, mama mzazi, alitoka na mwiko. "Ukuta wangu?"

"Mama, ni saa moja tu," akasema Severini.

"Nimepaka kwa ajili ya kipaimara cha wajukuu. Nimebeba maji mwenyewe."

"Mama, huyu mzee anaondoka kesho."

Akafikiri. "Ukuta wa nyuma. Mbele usiguse."

Tukabeba vigoda na benchi hadi nyuma, chini ya migomba. Wageni wakakaa, majirani wakasimama, kuku wakafukuzwa. Severini akavua koti, akachukua kipande cha mkaa, akaanza.

Sikuelewa hata mstari mmoja. Lakini nilijua kutazama watu. Mwanzoni Zoltan alikunja mikono. Kisha akaanza kukatiza: hii imetoka wapi, ile ina maana gani. Mzee Teofili akakereka.

"Huyu mama yake yuko wapi? Mtoto anamkatiza mwenye nyumba!"

Ilipotafsiriwa, Sarojini akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, mwache amalize." Zoltan akanyamaza kama mwanafunzi. Waliokuwa na mbege mdomoni waliimwaga.

Severini akaenda, mstari juu ya mstari, mkono na shati vyeusi, mpaka akafika pembeni kabisa mwa ukuta. Hapo Zoltan akanyanyuka. Akachechemea mpaka ukutani, akaweka kidole.

"Hapa. Kutoka hapa kwenda hapa, umeruka."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi nilijua ndipo penyewe.

Mama Severini akamwuliza mwanawe kwa Kichagga, Harbans akanitafsiria pembeni.

"Anasema umekosea?"

"Anasema nimeruka, mama."

"Umeruka?"

"Sijaruka. Ila kumwonyesha kunahitaji nafasi, na ukuta umeisha."

Ubavuni kulikuwa na dirisha na kuni zimepangwa mpaka juu. Kilichobaki ni mbele. Mama akazunguka kona, akautazama ukuta wake wa mbele kama mtu anayeaga ng'ombe aliyeuzwa. Akarudi.

"Nenda mbele. Lakini uandike vizuri, watu wanapita hapa kwenda kanisani."

Mkutano wa kimataifa ukahama na vigoda vyake. Severini akaanza tena kushoto mwa dirisha la sebule. Sasa alikuwa haongei na watu, anaongea na ukuta. Zoltan hakurudi kukaa. Alisimama nyuma yake, pua karibu na mkaa, akisogea kila mstari uliposogea. Wakapita chini ya dirisha, wakafika mlangoni. Karibu na kitasa Severini akachora kimraba kidogo, ambacho kwao ni alama kwamba uthibitisho umekamilika, akaushusha mkono.

Zoltan akaondoka, akachechemea peke yake kwenda nyuma ya nyumba, ulikoanzia mstari wa kwanza. Tukabaki mbele, tukisikia kuku tu. Mzee Teofili alikuwa bado ameshika kile kisu. Severini alitazama chini muda wote, akifuta vidole kwenye suruali mpya.

Zoltan akatokea upande wa pili. Alikuwa ameizunguka nyumba nzima. Akamshika Severini bega, akasema kwa Kiingereza neno fupi, na hili nililielewa: "Nyumba imesimama."

Harbans akatafsiri kwa sauti. Mzee Teofili akashangaa.

"Sasa alidhani itaanguka? Nimeijenga mwenyewe!"

Sijawahi kuona wasomi wakicheka namna ile. Severini alicheka huku machozi yakichora mistari kwenye masizi ya mkaa usoni. Mama yake akamfuta kwa khanga, akamwambia aende akaoge, wageni wanamwona.

Wageni walilala Kibosho, wamegawanywa nyumba kwa nyumba, na alfajiri Harbans akawashusha. Kabla ya kuondoka, Zoltan alikaa mbele ya ule ukuta akanakili kila kitu kwa mkono wake, ili aipeleke kazi ile yeye mwenyewe kwenye jarida. Ilichapishwa. Picha sina, wakuu. Kamera nilikuwa nayo, filamu ndiyo haikuwepo nchini.

Niliyojifunza? Baada ya hapo nimeandaa mikutano mingi, na kila mara nauliza mapema nani hali nyama. La pili ni kwa wale mnaowaachia wageni nafasi mpaka yenu inaisha. Ukarimu ni mzuri, ila kazi yako nayo iandalie kiti. Severini alikaribia kupoteza kazi ya miaka kwa sababu ya adabu, akaokolewa na mama aliyekubali kuharibu chokaa.

Kama kuna aliyeona jambo kubwa likifanyika uani kwa mtu, aliweke hapa tusome. Na kama humu kuna mtu wa analysis, anieleze kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini hesabu isiyo na mwisho inaamua kutulia. Nilikuwepo ilipothibitishwa, nilishika kigoda cha profesa, na mpaka leo sijui.