Bakuli Nililotoka Nalo Wete

Ijumaa ile tulikuwa watano sebuleni Mabela, pembeni mwa Maskati: mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye ndiye mwenye nyumba, mkewe, mdogo wetu wa kike wa mwisho, aliyekuja kutoka mtaa wa Azaiba, na shangazi yetu, dada wa marehemu baba, ambaye hasikii vizuri lakini hakubali kupitwa na habari. Nilikuwa nimerudi kutoka Pemba siku mbili kabla, na wote walitaka kujua jambo moja tu, kama nimeamua kuhamia huko.

Mimi ndiye mkubwa. Wazazi wetu walikufa kwa ajali ya gari nikiwa na miaka kumi na tano. Nikaacha shule, nikapata kazi ya kupika chai na kufagia katika shule ya wasichana, na wadogo zangu wakasoma. Sasa nina maashi ya kustaafu, yanatosha chakula na dawa ya sukari, hayatoshi kukodi nyumba Maskati. Naishi chumba cha nyuma kwa mdogo wangu. Hajanisimanga hata siku moja. Lakini kila nikienda jikoni usiku kunywa maji natembea kwa ncha za vidole, na nilitaka kabla ya kufa nikohoe kwenye nyumba yangu.

"Haya dada, tupe khabari," alisema mdogo wangu wa kiume. "Unatukimbia au hutukimbii?"

"Amepata mume?" aliuliza shangazi.

"Hajapata, shangazi. Alikwenda kutazama nyumba."

"Basi na nyumba bila mume ya nini?"

Tulicheka, nikaanza kusimulia. Niliwaambia kwamba Wete, mji wa huko Pemba, kwa maashi yangu ningekodi nyumba nzima, vyumba vitatu na uwani, na chenji ya samaki ikabaki. Niliwaambia pia kwamba sikuelewa nilivyojisikia. Hapa mimi ndiye maskini wa ukoo. Kule, nikishika tu mkoba, watu walinipisha njia. Mwenye duka la dawa aliniambia dawa yangu haipo, labda wiki ijayo, kisha akanitolea kiti nikae, kama kwamba kiti kingeshusha sukari. Nikakaa. Nilimshukuru, na mpaka leo sijui nilimshukuru kwa nini.

Kisha nikafika kwenye habari niliyoiona tamu, ya nyumba ya babu. Sisi watatu tumezaliwa huku Maskati. Nyumba ile tuliijua kwa maneno ya baba tu, sakafu nyekundu, baraza pana, mshelisheli nyuma. Baada ya mapinduzi ilichukuliwa na serikali, wakapewa watu wengine. Siku ya mwisho niliitafuta, nikaipata, nikapiga hodi. Akatoka mama wa rika langu, mikono ina unga.

Kwetu Maskati, ukifika kwa watu wasiokujua, unajieleza kwa babu yako. Ndiyo adabu. Ukisema wa nani, unapata pa kukaa. Basi nami nikasema, "Mimi mjukuu wa aliyeijenga nyumba hii. Nimetoka Maskati, naja kuitazama."

Akajifuta unga mikononi, akasema, "Karibu, bibie. Karibu ndani."

Nikawaeleza wadogo zangu nilivyokirimiwa. Alinionyesha chumba baada ya chumba. Alinionyesha mabati aliyobadilisha mwenyewe, ukuta alioupiga lipu baada ya mvua kuubomoa, mahali marehemu mumewe alipochimba kisima. Nikasema mashallah kila mahali. Nilihesabu hatua chumba cha mbele, kwa kuwa baba alikuwa akisema kina hatua kumi na mbili, na kweli zilikuwa kumi na mbili. Akaenda akatoa sanduku chini ya kitanda, akanionyesha karatasi iliyokunjwa hata imekatika mikunjoni. Sikuwa na miwani. Nikatikisa kichwa, nikamrudishia. Akanipikia mkate wa kumimina, akanifungia kwenye bakuli la bati lenye maua nile njiani.

"Na mlangoni," nikasema, nikicheka, "akanishika mkono, akaniambia, 'Bibie, mtungoje tu masika yapite, nna wajukuu wadogo.' Nikamwambia inshallah, maana sikujua anasema nini."

Mimi peke yangu nilikuwa nacheka. Mdogo wangu wa kike aliweka kijiko chini.

"Dada," alisema polepole. "Yule mama alidhani umekwenda kumtoa."

"Kumtoa wapi?"

"Nyumbani kwake. Umemwambia babu yetu kaijenga. Umepima chumba. Kakuomba muda, nawe umemwambia inshallah."

Nilijaribu kuirudia siku ile kichwani, na kila nilichokiona ukarimu kilibadilika sura: mabati, lipu, kisima, karatasi. Alikuwa akijitetea, nami nikisema mashallah.

Mdogo wangu wa kiume akakohoa. "Lakini kwani uwongo? Si kaijenga babu kweli? Tukipata wakili..."

"Hatuitaki," nikasema.

"Nasema tu, dada."

"Usiseme hata hivyo. Nimekulea, sijakuomba kitu. Hili nakuomba."

Akainamisha kichwa. "Haya. Yamekwisha."

"Nani kafa?" aliuliza shangazi.

Yalikuwa hayajakwisha. Namba ya simu ya yule mama sina. Mwenye nyumba ya wageni niliyolala nimempigia mara tatu, anasema atampelekea salamu, lakini salamu kutoka Maskati kwa mtu anayengoja kufukuzwa, sijui zitasikika vipi. Masika yamekaribia. Kila asubuhi nafikiri kuwa huenda ameanza kufunga vyombo. Lazima niende mwenyewe. Na habari ya kuhamia siwezi hata kuifikiri mpaka aniamini, na sijui mtu hufanya nini ili aaminiwe baada ya kupima chumba cha mwenziwe kwa hatua.

Bakuli liko juu ya friji. Mkate niliula kwenye boti, wote. Mama yangu alitufundisha kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mke wa mdogo wangu amesema nitie halwa. Nimeinunua. Kisha nikaona: halwa ya Maskati mkononi mwa mjukuu wa mwenye nyumba, anapiga hodi mara ya pili, kabla ya mvua, kama aliyekuja kumhimiza atoke. Nikaitoa. Nimejaribu tende, nikatoa pia. Nimelifuta, nimelirudisha juu ya friji, bado tupu.